Jinsi ya Kubuni Programu ya Simu Inayowafanya Ndugu Wapigiane kwa Raha: Mwongozo Kamili

Wanaojaribu kubuni programu ya kuwaweka ndugu karibu huanguka mahali palepale. Programu inapendeza macho, ina kengele ya kukumbusha, ina nyota na medali, ina hadi ukurasa wa kuchati. Ndugu wanaipakua ili kumridhisha aliyeitengeneza, wanaichezea wikendi moja, kisha wanarudi kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, lenye picha za maua za "asubuhi njema" na matangazo ya michango.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, mbunifu amejenga kijiwe kipya wakati watu wana kijiwe tayari. Ya pili ndiyo kubwa, na wengi hawaisemi: watu hawasahau kuwapigia ndugu zao, wanakwepa. Simu ya ndugu huwa imebeba jambo. Ada ya mtoto, mgonjwa, mchango wa harusi, mzinga. Ukimwekea mtu kengele ya kumkumbusha jambo analolikwepa, atazima kengele. Anachohitaji ni sababu ya kupiga simu isiyo na ombi ndani yake. Hiyo ndiyo kazi ya mchezo katika programu hii, na kila hatua hapa chini inairudia kazi hiyo.

Mfano tutakaoujenga tuuite Nipe Mji, kwa kuwa mchezo wake ni wa kutegeana vitendawili. Ni programu ndogo ya Android inayokaa kwenye simu ya mtu mmoja tu, yule mwenye simu janja. Ndugu wa upande wa pili hahitaji kupakua chochote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi za manila, kalamu nene na mkasi.
- Simu mbili: janja moja ya bei nafuu, aina ya Tecno, Itel au Infinix yenye RAM ya GB 2 au 3, na kitochi kimoja. Usijaribu programu kwenye simu yako ya bei mbaya peke yake, itakudanganya.
- Familia moja ya kweli iliyokubali kujaribu, watu watano hadi wanane, angalau mmoja wao awe mzee na mmoja awe anaishi mbali.
- Vitendawili kama hamsini, pamoja na majibu yake. Vitabu vya shule ya msingi vinavyo, wazee wana vingi zaidi.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, pamoja na Flutter au Android Studio, zana za kuandikia programu. Kwa kuchora skrini, akaunti ya bure ya Figma inatosha.
- Dola 25 za Marekani za kufungulia akaunti ya mtengenezaji Google Play. Unalipa mara moja tu. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, kwa hiyo iPhone isubiri.

Kama huwezi kuandika programu mwenyewe, fanya hatua ya 1 hadi ya 6 kisha mpe fundi michoro yako. Utamlipa kidogo na hatakuuzia vitu usivyovihitaji.

## Hatua ya 1: Chora ukoo na simu zake

Chukua karatasi kubwa. Andika jina la mtumiaji mmoja katikati, kisha umzungushie ndugu zake. Chini ya kila ndugu andika mambo manne: ana simu gani, hupatikana saa ngapi, kwa kawaida nani huanza kupiga, na mara ya mwisho waliongea nini.

Swali hilo la nne ndilo lenye dhahabu. Usimuulize mtu "ungependa programu ya namna gani?" kwa sababu atakujibu kwa adabu na jibu halitakufaa. Muulize: mara ya mwisho ulipoongea na shangazi yako, nani alipiga, nani alikuwa na vocha, mliishia wapi? Ndipo utasikia yanayosemwa kweli. "Nikimpigia ataanza habari za shamba." "Nasubiri niwe na chochote cha kumtumia." "Yeye hubipu, nami nikiwa kazini siwezi kumrudia, basi imepita."

Sikiliza vizuri hilo la kusubiri kuwa na chochote cha kutuma. Vijana wengi walio mjini, na hasa walio Muscat, London au Minneapolis, hukaa miezi bila kupiga nyumbani kwa sababu wanaona kupiga mikono mitupu ni aibu. Mzee naye hapigi kwa sababu hataki aonekane anaomba. Pande zote mbili zinaoneana haya, na hakuna kengele inayotibu haya.

Umefaulu ukiwa unaweza kuandika sentensi moja kwa kila ndugu: "Simu haipigwi kwa sababu…" Kama sentensi zako zote zinaishia na "amesahau", rudi ukaulize tena.

## Hatua ya 2: Tenganisha wa utani na wa heshima

Michezo mingi ya kigeni hudhani kila mtu anaweza kuchekeshana na kila mtu. Kwetu sivyo, na hapa ndipo programu zilizoigwa hukwama.

Katika koo nyingi bibi na mjukuu ni watani wa kuzaliwa. Bibi atamwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na mjukuu atadai mahari yake irudishwe. Shemeji na wifi hutaniana, mabinamu vilevile. Lakini huwezi kumpa mtu kadi inayomwambia "mchokoze mama mkwe wako". Ataifuta programu siku hiyohiyo, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo weka ngazi tatu, na kila ndugu apewe ngazi moja:

1. Utani. Mchezo wote unaruhusiwa, pamoja na kuchokozana na kudaiana.
2. Kawaida. Mchezo upo, lugha ni ya upole. Hapa wataingia wazazi wengi, kaka na dada wakubwa, mama wadogo na baba wakubwa.
3. Heshima. Hakuna mchezo. Programu inatoa dokezo tu la jambo la kuulizia baada ya shikamoo: mvua zimeanza kwao? Yule mjukuu mdogo ameanza kutembea?

Onyo: ngazi achague mtumiaji, programu isibuni. Shangazi wa ukoo mmoja ni wa kutaniwa mpaka machozi. Wa ukoo mwingine ndiye mkali kuliko baba. Usimlazimishe pia achague cheo kutoka kwenye orodha. Mwachie nafasi tupu aandike anavyomwita: Bibi, Nyanya, Bibi wa Tanga, Mama Mkubwa, Kaka Mdogo. Jina hilo ndilo litakalotokea kila mahali kwenye programu, na jina la kwenye kitambulisho lisionekane kabisa.

## Hatua ya 3: Chagua mchezo mmoja unaochezwa kwa mdomo

Mchezo wa kugusagusa kioo utamwacha nje mwenye kitochi, na mara nyingi huyo ndiye mnayemtafuta. Chagua mchezo ambao simu ya kawaida ya sauti inautosha na ambao mzee anaujua kuliko kijana. Tunao tayari.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Akijua, atasema yai. Akishindwa, anaombwa mji: "Nipe mji." Anatoa, tuseme Kigoma. Aliyetega anaupokea, anasimulia kwa madaha alivyofika Kigoma, alivyopokelewa na kulishwa migebuka, kisha ndipo anafungua jibu. Huu mchezo una kila kitu ambacho wabunifu hukisaka: swali, mashaka, adhabu isiyoumiza, zawadi isiyo na gharama, na kisingizio cha kuongeza chumvi. Una pia kitu ambacho medali haziwezi kununua: bibi anaweza kumshinda mjukuu mwenye digrii, na atamshinda mara nyingi.

Kwenye programu mchezo uende hivi. Mtumiaji anapewa kadi moja yenye kitendawili, na jibu limefichwa nyuma yake. Anampigia Bibi. Wanategana. Simu ikiisha, anarudi kwenye programu na kugusa kimoja kati ya vitufe vitatu: *Bibi kajua*, *Bibi katoa mji*, *Bibi kanitega*. Mji ukitolewa, unaandikwa na kuwekwa kwenye ramani yao wawili. Bibi akitega cha kwake, kinahifadhiwa kwenye kikapu chake kwa jina lake.

Mambo matatu ya kuangalia hapa.

Vitendawili vina majibu zaidi ya moja, na vingine vina maneno tofauti kila mahali. "Popoo mbili zavuka mto" watu wengi watajibu macho, lakini usishangae mzee akikuletea jibu jingine na kulitetea. Programu isimwambie amekosea. Weka kitufe cha *Ana jibu lingine* na sehemu ya kuliandika. Mabishano hayo ndiyo maongezi yenyewe.

Kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa hajawahi kuomba mji maishani mwake. Weka kadi moja ya maelekezo, mistari sita, yenye mfano mmoja mzima. Usiweke video, inakula bando.

Kuna familia ambazo vitendawili haviwakolei. Wape mchezo mbadala mmoja, usiwape saba. Kumalizia methali unafaa: mmoja anasema "Haba na haba", mwenzake "hujaza kibaba". Mwingine unaofaa ni picha ya zamani: mwenye simu janja anaielezea picha kwa maneno, mzee anakisia ni ya harusi ya nani. Huo hutoa hadithi ndefu kuliko michezo yote, ila unahitaji picha, na picha za zamani ziko kwenye sanduku kijijini.

Umefaulu ikiwa unaweza kuueleza mchezo kwa mzee kupitia simu kwa sentensi mbili, naye akaanza kucheza hapohapo.

## Hatua ya 4: Weka sheria za alama, na zaidi za kutokuweka alama

Duolingo na Snapchat zimewafanya watu wengi waamini kwamba mchezo wa simu lazima uwe na mfululizo wa siku: usipoingia leo, hesabu yako inarudi sifuri. Kwa kujifunza lugha sawa. Kwa ndugu ni sumu. Mtu akipatwa na msiba, akalala hospitalini na mtoto, akakosa salio wiki nzima, kisha programu ikamwambia "umepoteza siku 41 na Mama", umemwongezea ile haya tuliyotaka kuipunguza. Mara nyingi hatafungua tena.

Tumia zamu badala ya mfululizo. Zamu haifi. Ikiwa Bibi ndiye aliyetegwa mara ya mwisho, sasa ni zamu ya mtumiaji kutegwa, hata ipite miezi miwili. Miji iliyokusanywa haipungui kamwe.

Usiweke jedwali la washindi kati ya ndugu. Najua linavutia, kila mbunifu hulitaka. Fikiria kaka watatu wanaoona kwenye simu zao nani amempigia mama mara nyingi zaidi. Wiki ya pili huo si mchezo, ni kikao cha ukoo. Alama zote ziwe za watu wawili kwa pamoja: "Wewe na Bibi mna miji 9."

Usihesabu dakika, usihesabu pesa. Usiweke kitufe cha kutuma pesa popote kwenye programu hii, hata kama kampuni ya simu itakuahidi kamisheni. Siku kitufe hicho kinapoingia, simu ya mchezo inageuka tena kuwa simu ya jambo.

Ongeza kitufe cha *Tulia kwanza*. Mtumiaji akikigusa, programu inanyamaza mpaka aiamshe mwenyewe, bila kuuliza sababu. Msiba, mitihani, mfungo, ugomvi: ni shauri lake.

Jaribio la hatua hii: mtu aliyekaa wiki sita bila kupiga anapofungua programu, asome nini? Jibu linalofaa ni kama "Bibi alikuachia mji wa Kigoma. Zamu yako kutegwa." Kama neno lolote kwenye skrini hiyo linalaumu, lifute.

## Hatua ya 5: Cheza wiki mbili kwa karatasi

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haina kompyuta, kisha wanaandika programu miezi minne kwa ajili ya mchezo usiochezeka.

Kata kadi ishirini za manila. Upande mmoja kitendawili, upande wa pili jibu. Mpe kila mshiriki mwenye simu janja kadi tano na karatasi ya kuandika: alimpigia nani, saa ngapi, nani alishindwa, mji gani ulitolewa, na waliongea nini *baada* ya mchezo. Usimpigie kumkumbusha. Unataka kuona kadi yenyewe, ikiwa mezani, ina nguvu ya kumfanya anyanyue simu.

Kwenye karatasi zile angalia maongezi ya baada ya mchezo. Kama simu zinaishia dakika moja baada ya jibu, vitendawili vyako ni vigumu mno au ni vya kitoto. Kama zinaendelea na hadithi, chagua vile vilivyozaa hadithi uviweke mbele.

Zingatia pia kadi zilizokataliwa. Vitendawili vingine vina mafumbo ya mwili ambayo mtu hawezi kumtegea mzazi wake bila kuona aibu. Vitie kwenye ngazi ya utani tu.

Umefaulu siku mzee atakapompigia kijana na kudai: "Mbona hujanitega wiki hii?" Ukifika hapo, una programu. Usipofika baada ya wiki mbili, badili mchezo, usianze kuandika msimbo.

## Hatua ya 6: Chora skrini nne tu

Ukoo. Nyuso au herufi za ndugu zikiwa kwenye duara, kila mmoja na jina analoitwa. Aliye na zamu anawaka rangi. Hakuna namba nyekundu juu ya kichwa cha mtu. Ndugu si deni.

Kadi. Kitendawili kwa maandishi makubwa, jibu likiwa limefunikwa, na kitufe kimoja: *Mpigie Bibi*. Kitufe kisipungue dp 48 kwa urefu, ambacho ndicho kipimo kinachopendekezwa kwa Android, na maandishi ya kawaida yasishuke chini ya sp 16 (dp na sp ni vipimo vya Android vya vitu na maandishi kwenye skrini). Jaribu skrini ukiwa juani saa saba mchana. Kijivu juu ya nyeupe hakitasomeka.

Baada ya simu. Vile vitufe vya hatua ya 3, pamoja na *Hakupokea*. Asipopokea, kadi inabaki ileile, usimpe mpya.

Ramani. Miji ya wawili hao. Iwe mchoro mwepesi uliomo ndani ya programu, usitumie ramani ya intaneti. Bibi akitoa mji usiokuwepo duniani, upokee na uweke baharini karibu na Pemba.

### Saa na lugha

Hapa programu nyingi za Kiswahili huharibika. Mtumiaji aliyechagua Kiswahili aandikiwe "saa 2 usiku", asiandikiwe "20:00" wala "saa 8 usiku". Hesabu ni rahisi: chukua saa ya mfumo wa 24, jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki ikiwa sifuri andika 12. Saa 20 inakuwa 26, baki 2. Saa 6 ya asubuhi inakuwa 12, baki sifuri, basi saa 12 asubuhi. Kisha ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Kwa walio mbali, hifadhi jina la eneo la saa, mfano Africa/Dar_es_Salaam au Europe/London. Usihifadhi tofauti ya saa kwa namba. Tanzania, Kenya na Uganda hazisogezi saa. Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani husogeza mara mbili kwa mwaka. Saa 2 usiku ya Minneapolis ni saa 11 alfajiri Tanga wakati wa baridi yao, na saa 10 alfajiri wakati wa joto lao. Programu isiyojua hilo itamwamsha Bibi, naye atapokea akidhani kuna msiba. Kumbuka pia kwamba Bujumbura, Kigali na Bukavu ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na Muscat iko mbele kwa saa moja.

Sentensi zenye hesabu ziandikwe kwa umoja na wingi: "mna mji 1", "mna miji 3". Flutter na Android zote zina utaratibu wa wingi. Utumie, usibandike namba mbele ya neno lilelile.

## Hatua ya 7: Andika programu bila kuomba ruhusa zisizo lazima

Hapa ndipo Google Play huwarudisha watu wengi nyumbani, kwa hiyo nenda polepole.

Kupiga simu. Tumia amri ya Android iitwayo ACTION_DIAL, au kiungo cha tel: kupitia kifurushi cha url_launcher cha Flutter. Kinafungua kipiga simu chenye namba tayari, na mtumiaji anagusa kitufe cha kijani mwenyewe. Hakihitaji ruhusa. ACTION_CALL hupiga moja kwa moja lakini hudai ruhusa, na watu huiogopa. Kwa WhatsApp tumia wa.me ikifuatiwa na namba ya kimataifa bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: 255 kisha namba.

Kumbukumbu za simu. Kila mbunifu hufikiria: nitasoma orodha ya simu nijue kama kweli amempigia mama. Usifanye. Google Play hukataza ruhusa ya READ_CALL_LOG kwa programu nyingi. Kwa kawaida hupewa zile zilizowekwa kuwa kipiga simu kikuu. Na hata kama ungeruhusiwa, unataka mchezo au upelelezi? Mtumiaji akirudi kwenye programu, muulize. Akidanganya, amejidanganya mji mmoja wa kwenye ramani.

Majina ya kwenye simu. Usiombe kitabu kizima. Fungua kichagua-majina cha mfumo kwa ACTION_PICK. Mtumiaji anachagua mtu mmoja na wewe unapata namba hiyo moja tu, bila ruhusa ya READ_CONTACTS.

Arifa. Tangu Android 13, lazima uombe ruhusa ya kutuma arifa. Usiombe programu inapofunguliwa mara ya kwanza. Omba baada ya simu ya kwanza ya mchezo, wakati mtu bado anacheka. Akikataa mara mbili, mfumo hautamwonyesha tena ombi hilo. Arifa moja kwa wiki inatosha, na iwe na sauti ya Bibi, isiwe ya ofisa: "Bibi anasema kitendawili cha mwisho ulibahatisha."

Betri. Android hulaza programu zisizotumika, na simu nyingi za bei nafuu zina kibana-betri chao kikali zaidi. Arifa uliyoipanga saa 2 usiku inaweza kufika kesho yake au isifike. Tangu Android 14, hata ruhusa ya kengele inayolia kwa wakati uleule hasa uliopangwa imefungwa mwanzoni kwa programu nyingi mpya. Suluhisho ni kutotegemea dakika maalumu: tumia WorkManager, zana ya Android ya kupanga kazi za programu, ipe nafasi ya jioni nzima, na weka wijeti ndogo kwenye skrini ya mwanzo inayoonyesha zamu ya nani. Wijeti inaonekana hata arifa ikipotea.

Bila seva, yaani bila kompyuta ya mtandaoni ya kuhifadhi data. Toleo la kwanza lifanye kazi lote bila intaneti. Vitendawili viwe ndani ya programu, kumbukumbu ziwe kwenye hifadhidata ya simu yenyewe. Huna gharama ya mwezi na huna cha kudukuliwa. Simu ikiibiwa, hifadhi ya moja kwa moja ya Android huweza kurudisha hadi MB 25 za programu yako kwenye simu mpya. Orodha ya miji na vitendawili haitafika hata moja.

Ukubwa. Lenga chini ya MB 20. Kila picha unayoongeza mtu anailipia kwa bando, na mwenye simu iliyojaa hufuta kwanza programu za mchezo.

## Hatua ya 8: Linda majina ya ndugu

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bibi hajakupa idhini ya kuweka namba yake kwenye seva yako, kwa hiyo usiiweke. Usirekodi simu, hata kwa nia ya kuhifadhi hadithi za wazee.

Hatari iliyo karibu zaidi ni mwizi wa simu. Programu yako ina orodha safi: huyu ndiye Mama, huyu ndiye Bibi, na hivi ndivyo mwenye simu anavyowaita. Kwa wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii", huo ni mtaji. Weka kufuli la alama ya kidole au namba ya siri, na liwe limewashwa tangu mwanzo.

## Hatua ya 9: Jaribu, kisha itoe

Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haiwezi kutoa programu kwa umma moja kwa moja. Kwanza lazima ufanye majaribio ya faragha (closed testing), ya walioalikwa tu, na watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mtu akijitoa katikati na idadi ikashuka, unaweza kulazimika kuanza kuhesabu upya, hivyo alika ishirini. Ukoo wa kawaida unao. Kila mmoja anahitaji akaunti ya Google na kiungo cha kujiunga; mpigie kila mtu umwongoze kwa mdomo, maana wengi watabonyeza kiungo na kudhani wamemaliza.

Siku hizo 14 usihesabu mara ngapi programu imefunguliwa. Programu hii ikifanya kazi vizuri, mtu huifungua dakika moja na kuongea arobaini. Hesabu kadi zilizoishia kwenye simu iliyopokelewa, kisha waulize wazee swali moja: wiki hizi mbili, kuna aliyekupigia bila shida yoyote?

Makosa yatakayojitokeza na tiba zake:

- *Wanacheza kadi tatu kisha basi.* Vitendawili vya mwanzo vinajulikana mno. "Kuku wangu katagia miibani" hata mtoto wa chekechea atakwambia nanasi. Changanya vigumu mapema.
- *Kijana anampigia bibi mmoja tu, wengine hawaguswi.* Mwache. Usimsukume kwa arifa. Mpe nafasi ya kuongeza ndugu wa pili baada ya miji mitano.
- *Mzee hasikii vizuri.* Ongeza alama ya "kadi fupi" kwa ndugu huyo, apewe vitendawili vya maneno manne au matano.
- *Bibi anabipu, mtumiaji hajui kama ni mchezo au shida.* Waambie wakubaliane: bipu mbili mfululizo maana yake "nina kitendawili". Hili halihitaji msimbo hata mstari mmoja.

Toleo la pili, watu wakilidai, linaweza kumtumia mwenye kitochi ujumbe mfupi wa kitendawili. Hapo utahitaji seva, idhini yake, na mtoa huduma wa SMS kama Africa's Talking, na utalipia kila ujumbe. Piga hesabu ya mwaka mzima kwa idadi ya wazee ulionao kabla ya kuandika mstari wa kwanza, na mwache mjukuu ndiye aamue lini ujumbe uende, usitumwe na mashine usiku wa manane.